Kombe la Mkulima Bora: Lilivyopotea na Lilivyopatikana Tabora

Kuhusu kisa hiki

Kisa kilitokea mkoani Tabora. Majina ya watu, kijiji, chama cha ushirika na kamati iliyohusika yameondolewa, na mambo madogo madogo yamegeuzwa ili wahusika wasitambulike. Nilishiriki kama mtu wa kumbukumbu, yaani niliyeitwa kusoma majalada na kuandika yaliyosemwa. Nimekiandika kwa ajili ya watunza bohari, makatibu wa vyama vya msingi, walimu wenye makombe kabatini, na kamati za maonesho ambazo kila mwaka hukabidhiana vitu kwa kupeana mikono tu.

Usuli

Kombe lilianza kushindaniwa mwishoni mwa miaka ya 1950, katika maonesho ya kilimo ya lililokuwa Jimbo la Magharibi. Makao makuu ya jimbo yalikuwa Tabora, na Kigoma ilikuwa ndani yake. Mji ulifaa kwa mikusanyiko ya namna hiyo kwa sababu ya reli: Reli ya Kati ilifika Tabora mwaka 1912, ikafika Kigoma mwaka 1914, na njia ya kwenda Mwanza ikaja kuanzia hapo hapo Tabora. Mtu aliyetaka kuonesha karanga, mahindi, asali au fahali wake aliweza kufika na mzigo wake bila kumaliza mwezi njiani.

Baada ya Uhuru majimbo yalivunjwa, ikaja mikoa. Kombe likabaki Tabora na likawa linatolewa Saba Saba, ambayo wakati huo ilikuwa siku ya wakulima kwa maana kamili, pamoja na kuwa siku ya kuzaliwa kwa TANU mwaka 1954. Miaka ya 1990 ndipo sherehe za wakulima zilipohamia tarehe 8 Agosti, Saba Saba ikaachwa iwe ya biashara. Leo wakulima wa Tabora na Kigoma wanakutana kwenye Nane Nane ya Kanda ya Magharibi, viwanja vya Ipuli.

Lilikuwa kombe la kuzunguka. Mshindi anakaa nalo mwaka mmoja, anarudisha kabla ya maonesho yanayofuata, na jina lake linachongwa kwenye kibao kidogo kilichopigiliwa kwenye kitako. Makombe mengi ya aina hiyo yana kanuni ya pili: anayeshinda mara tatu halirudishi tena, linakuwa mali yake. Kama kombe hili nalo lilikuwa na kanuni hiyo, ndilo swali lililokuja kuwapasua watu vichwa.

Kuna mambo mengine matatu ambayo bila kuyajua kisa hakieleweki. Mwaka 1972, chini ya mpango wa Madaraka Mikoani, halmashauri zilifutwa. Mwaka 1976 vyama vikuu vya ushirika vikafutwa, shughuli zake zikaenda kwa mamlaka za mazao, na kwa ukanda wa tumbaku ikawa mamlaka ya tumbaku. Mwaka 1982 zikatungwa sheria za kurudisha serikali za mitaa na vyama vya ushirika. Kila badiliko lilikuja na makabidhiano: majengo, magari, mizani, madeni. Kombe halikuwa na bei kwenye leja, wala halikuwa na ofisi iliyosema “hili ni letu”. Idara ya kilimo ilililetea mashindano, mkoa ukalitoa, ushirika ukalitunza, mkulima akalala nalo nyumbani.

Swali kwenye mengineyo

Yote yalianza kwenye kikao cha maandalizi ya Nane Nane. Ajenda zilikuwa zimekwisha, watu wanafunga madaftari, ndipo mzee mmoja mwalikwa, aliyewahi kuwa bwana shamba, akanyosha mkono kwenye mengineyo.

“Lile kombe letu mmelipeleka wapi?”

Mwenyekiti alidhani anauliza kombe la mwaka uliopita. Mzee akatoa bahasha, na ndani yake picha ya rangi nyeusi na nyeupe: mkulima aliyevaa koti juu ya kaptula, ameshika kombe la mikono miwili, nyuma yake wakuu wamepiga makofi. Nyuma ya picha kuna maneno ya penseli yaliyofifia, “Saba Saba, Tabora”, bila mwaka.

Kikao kikachangamka. Wakakubaliana kombe litafutwe, lioneshwe kwenye banda la historia, na mgeni rasmi alipokee siku ya kilele. Ahadi hiyo ya mgeni rasmi iliingia kwenye ratiba kabla hata hajatokea mtu wa kusema kombe liko wapi.

Awamu ya kwanza: msako

Uamuzi wa kwanza ulikuwa kulihesabu kombe kama mali ya umma iliyoibwa. Sababu za mwenyekiti hazikuwa za kijinga. Muda ulikuwa mfupi, mkaguzi akiuliza ni lazima kuwe na kitu cha kuonesha, na ripoti ya polisi ndiyo karatasi ambayo kila ofisi inaielewa. Ikachukuliwa RB, yaani namba ya taarifa iliyoandikishwa polisi. Kisha barua zikaenda kwa wastaafu watatu waliowahi kushika bohari au masjala. Nakala ninayo. Inasema: “Unatakiwa kufika ofisini bila kukosa kutoa maelezo kuhusu upotevu wa mali ya umma.” Hakuna salamu, wala neno “mzee”, wala shukrani kwa miaka waliyotumikia.

Mmoja alikuja na mwanawe mkubwa na faili la karatasi zake zote za makabidhiano, akaziweka mezani moja moja. “Mwanangu, mimi nilikabidhi bohari mpaka koleo lililovunjika mpini. Kombe halikuwemo.” Alikuwa anasema kweli, na karatasi zilimuunga mkono. Wa pili akatuma salamu kwamba anaumwa. Wa tatu hakujibu kabisa.

Mjini maneno yakaenea kwa kasi ya bodaboda. Kwenye vijiwe vya kahawa kombe likawa la fedha tupu, likawa na uzito wa kilo kadhaa, likawa limeuzwa kwa sonara na pesa zake zimejenga nyumba fulani mtaa fulani. Wengine wakashikilia kwamba Wazungu waliondoka nalo mwaka 1961. Hadithi hizi mbili hazipatani, lakini mtu mmoja aliweza kuzisimulia zote kwenye kikombe kimoja cha kahawa.

Baada ya wiki kadhaa za hivyo, kamati haikuwa na chochote zaidi ya picha na namba ya RB.

Awamu ya pili: kuuliza upya

Katibu wa kamati, mama aliyefanya kazi muda mrefu kama afisa ushirika, aliomba njia ibadilishwe. Hoja yake ilikuwa fupi: tumeuliza nani kaiba, na hakuna mtu anayejibu swali hilo, hata asiye na hatia. Akataka tuulize nani alilishika mara ya mwisho mbele ya watu. Mwenyekiti hakufurahi, ila akakubali, kwa sharti kwamba RB isifutwe. Mimi naona hapo ndipo kazi ilipoanza kweli.

Hatua ya kwanza ilikuwa kuiangalia ile picha kwa makini. Kijana wa studio akaikuza. Yalionekana mambo mawili. Nyuma ya wakuu kuna kitambaa kilichoandikwa TANU. Chama hicho kiliungana na ASP kuunda CCM tarehe 5 Februari 1977, na picha ni ya Saba Saba yenye viongozi Waafrika peke yao jukwaani, kwa hiyo hadithi ya Wazungu kuondoka na kombe mwaka 1961 ikafa palepale. Jambo la pili lilikuwa dogo na mimi nilikuwa nimelipita: mkulima ameshika kombe peke yake, na kitako kimebaki mezani. Kitako ni kipana, cheusi, cha ngazi tatu, kimezungukwa na vibao vyenye umbo la ngao. Yaani vitu viwili, vinavyotenganishwa kila mwaka siku ya kukabidhi.

Kuanzia hapo katibu akaacha kuuliza kombe. Akawa anauliza “kitako cheusi cha mbao chenye vibao”. Barua mpya zilianza na shikamoo na kuomba kusaidiwa kumbukumbu za maonesho ya zamani, kisha yeye mwenyewe akawafuata wazee majumbani. Yule aliyedai anaumwa alimkaribisha, akasimulia mambo ya Saba Saba hadi jua likazama: mashindano ya ng'ombe, bendi ya shule, foleni ya kuonja asali. Kuhusu kombe alijua kitu kimoja tu, nacho kikawa na thamani. Vibao vilichongwa na fundi wa mjini, na ushirika ndio uliompelekea kazi.

Masjala haikusaidia sana. Jalada la maonesho la miaka ya 1970 lilikuwepo kwa jina kwenye orodha, na rafuni tulikuta jalada lenye kiwiliwili cha karatasi tatu, nyingine zimekuwa chakula cha mchwa.

Kilichosaidia ni karani wa mizani. Katibu alikuwa kwenye chama cha msingi kimoja kwa shughuli zake nyingine kabisa, akauliza swali lake la kitako kama alivyokuwa akiuliza kila alikopita. Karani akasema, “Mama, mbona hicho kipo, tunakiwekea mizani.” Wakaingia ghalani, kati ya marobota ya tumbaku, na kweli: mizani midogo imeinuliwa juu ya kitu cheusi cha ngazi tatu kilichojaa vumbi. Kwenye orodha ya mali ya chama kiliandikwa “kigoda 1”.

Hapa inafaa kukieleza kitako chenyewe, kwa sababu ndicho kilichofungua kisa. Ni mbao iliyopakwa rangi nyeusi. Vibao vyake ni vyembamba kama kucha, kila kimoja kimeshikwa na misumari midogo miwili. Baada ya kufutwa vumbi, majina yakasomeka: mwaka, jina, wilaya. Jina moja linatokea mara mbili, na katikati yake kuna mshindi mwingine. Baada ya kibao cha mwisho chenye jina kuna nafasi ambayo kibao kimeng'olewa. Vitundu viwili vya misumari vinaonekana, na mbao iliyokuwa chini yake bado ina mng'ao wa rangi ya zamani, umbo la ngao limechoreka wazi kuliko kama lingechorwa kwa kalamu. Vinavyofuata ni vibao vitupu, havijachongwa. Kwa hiyo kitako kilikuja na vibao vyake vyote tangu mwanzo, na kile kimoja kilitolewa makusudi na mtu aliyekihitaji peke yake.

Maelezo yanayoelekea zaidi ni kwamba kiling'olewa kupelekwa kwa fundi achonge jina la mshindi wa mwisho, maana kubeba kibao mfukoni ni rahisi kuliko kubeba kitako kizima. Fundi hakukirudisha, au ushirika ulifutwa kabla mtu hajakifuata. Kitako kikabaki ghalani, kombe likabaki kwa mshindi, na ofisi iliyojua kwamba hivyo viwili ni kitu kimoja ikawa haipo.

Nyumbani kwa mshindi

Jina lililotokea mara mbili lilikuwa na wilaya yake pembeni. Katibu akapata barua ya utambulisho, akaenda na mtendaji wa kijiji, bila askari na bila mwenyekiti. Mkulima mwenyewe alikwishafariki zamani. Wakapokelewa na bintiye, mama mtu mzima mwenye wajukuu. Salamu ilikuwa mwangaluka, kisha maji ya kunywa, kisha habari za mvua. Katibu alipotoa picha, yule mama aliiangalia muda mrefu, akasema, “Huyu ni baba. Na koti hili ndilo tuliomzika nalo.” Ndipo akamtuma mjukuu ndani.

Kombe lilitoka likiwa limefungwa kwenye kanga. Ndani yake mlikuwa na mbegu za maboga kwenye kitambaa. Halikuwa limefichwa, majirani wote walilijua, na harusini huwa linatolewa.

“Baba alilichukua mara tatu,” alisema mama. “Aliambiwa likija mara ya tatu halirudi. Tungelirudisha kwa nani, na ni lake?”

Nikaombwa niliangalie. Chini ya mguu wa kombe kuna herufi nne zilizogongwa: EPNS. Vyombo vya fedha halisi vya Uingereza hugongwa alama, na inayojulikana zaidi ni ya simba anayetembea, maana yake sehemu 925 kati ya 1,000 ni fedha. Herufi EPNS zinasema jambo jingine: mwili wa chombo ni mchanganyiko wa shaba, nikeli na zinki, na fedha ni ngozi nyembamba iliyopakwa kwa umeme. Hata bila herufi ungejua, kwa sababu kwenye mikono yote miwili, pale vidole vya washindi viliposhika, ngozi imekwisha na metali ya chini inaonekana ikiwa na umanjano.

Mjumbe mmoja alipendekeza familia isiambiwe, ili kamati isije ikaonekana inadharau kombe au ili, alivyosema, “tusiharibu mazungumzo”. Katibu alikataa akawaeleza siku hiyo hiyo. Mama alicheka. “Kumbe hata ningeliuza nisingepata ada ya shule.” Habari ikarudi mjini kabla ya katibu mwenyewe, na hadithi ya sonara na nyumba ya mtaa fulani ikaisha.

Uamuzi: kuchukua, kununua au kuazima

Kamati iligawanyika. Mwenyekiti na baadhi ya wajumbe walitaka kutumia RB: mali imeonekana, irudi. Mwanasheria aliyeombwa ushauri akauliza swali ambalo lilizima mjadala kwa dakika kadhaa: irudi kwa nani? Anayedai lazima aoneshe hati ya umiliki, leja, au angalau kanuni za mashindano. Hakukuwa na hata kimoja. Kulikuwa na picha, na picha inamwonesha mkulima akikabidhiwa.

Mwingine akaleta Sheria ya Mambo ya Kale ya 1964. Haikufika mbali. Sheria hiyo kimsingi inalinda masalia ya kabla ya 1863 na vitu vya asili, ikiwemo milango ya kuchongwa, vya kabla ya 1940. Kombe la kiwandani la miaka ya 1950 haliingii humo lenyewe.

Kununua kulionekana kama njia ya kistaarabu, mpaka mhasibu alipofungua mdomo. Ukinunua, umekiri kwamba si mali ya umma. Ukiwa umekiri hivyo na RB yako inasema ni mali ya umma iliyoibwa, mkaguzi atakuuliza karatasi ipi ni ya kweli. Tena familia haikuwa inauza.

Ikabaki kuazima. Hati iliandikwa kwa Kiswahili chepesi, ukurasa mmoja: nani anaazimisha, nani anaazima, kuanzia lini hadi lini, nani anasafirisha, likipotea au kuvunjika nini kinafanyika. Kifungu nilichokisisitiza mimi kilisema kuazimisha huku hakuathiri madai ya upande wowote kuhusu mwenye kombe. Mama aliomba kiongezwe kimoja: mjukuu wake aende na kombe, kamati imlipie nauli, malazi na chakula, na alale lilipo. Kilikubaliwa. Kilikuwa kifungu bora kuliko vyetu vyote, japo baadaye kilionekana hakitoshi.

Matokeo

Kombe na kitako vilioneshwa pamoja siku zote za maonesho ndani ya kabati la kioo, picha pembeni, na maelezo yanayosema kombe limeazimwa kutoka kwa familia ya mshindi. Nafasi ya kibao kilichong'olewa iliachwa wazi. Watu walikuja kusoma majina. Dada mmoja kutoka Kigoma alimkuta babu yake kwenye kibao cha miaka ya mwanzo na akapiga simu nyumbani palepale, kwa sauti, banda zima likisikia.

Lakini usiku wa kuamkia kilele kulitokea jambo baya. Kijana wa banda aliona kombe limefubaa, na mgeni rasmi anakuja asubuhi. Akaomba ufunguo wa kabati, mjukuu akampa kwa kuwa kijana alikuwa mtu wa kamati, akalisugua kwa majivu, limau na waya wa kusugulia sufuria mpaka likang'aa. Asubuhi kila mtu alisifia. Mchana katibu akalitazama karibu: maandishi ya tumboni, yanayotaja maonesho na aliyelitoa kombe, yalikuwa yamepoteza herufi kadhaa, na umanjano wa mikononi ulikuwa umeshuka hadi kwenye mbavu. Ngozi ya fedha ikishasuguliwa hivyo hairudi. Kulipaka upya kunawezekana, ila maandishi yangefifia zaidi.

Katibu alimpigia mama siku hiyo hiyo. Mama alisikitika, akauliza kama mjukuu anatukanwa na mtu. Kombe lilirudishwa kwa wakati, na kamati ikaandika barua inayokiri uharibifu na kueleza ulivyotokea. Fidia ya pesa haikudaiwa.

RB ilifungwa kwa maelezo kwamba mali imeonekana na hakuna kosa la jinai. Barua ya kuwaomba radhi wastaafu ilichelewa mno. Yule wa makabidhiano ya koleo aliirudisha bila kuifungua: alituhumiwa na mtu, basi aombwe radhi na mtu. Mwenyekiti alikwenda, lakini ni baada ya katibu kumkumbusha zaidi ya mara moja.

Uchambuzi: kilichofaa

Kubadilisha swali kulifaa kuliko juhudi zote. Kuna wanaosema ni suala la adabu tu, barua ya kwanza ingekuwa na shikamoo basi wazee wangesema. Sikubaliani. Adabu ilifungua milango, ila hata yule mzee aliyesimulia mpaka jua likazama hakujua kombe lilipo. Kilicholeta jibu ni kuuliza juu ya kitu ambacho watu wanakiona. Karani wa mizani hajawahi kuona kombe maishani mwake. Angeulizwa kombe angejibu hapana, na angekuwa mkweli.

Kutenganisha kitu na sehemu zake kunastahili kuwa hatua ya kwanza ya kila utafutaji wa namna hii. Kombe lina kitako, kifuniko, sanduku lake, vibao, picha, karatasi ya fundi. Kila kimoja kinaweza kuwa kimepita njia yake, na kile kisicho na thamani machoni pa watu ndicho kinachobaki mahali pake. Kitako kilipona kwa sababu hakuna aliyekitaka.

Kueleza ukweli wa EPNS mapema kulizima uvumi na kukajenga imani. Naongeza tu kwamba kulikuwa na bahati: familia haikuwa na njaa ya pesa. Kwa familia nyingine habari ile ingepokelewa kama ujanja wa kushusha bei, na ingefaa itolewe na sonara wao wenyewe.

Kuazima kulifanya kazi kwa sababu hakumtaka mtu yeyote ashindwe. Kasoro yake ni kwamba kila mwaka lazima kuombwe upya, na siku mama huyu hayupo, warithi wanaweza kuwa na maoni tofauti.

Uchambuzi: kilichoharibika

RB ya mapema iliigharimu kamati wiki kadhaa na heshima ya wazee watatu. Tatizo halikuwa kwenda polisi. Mali ya umma ikipotea taarifa inatakiwa itolewe. Tatizo lilikuwa kuandika neno “wizi” wakati hakuna aliyejua kombe lilionekana mara ya mwisho lini, wapi, mikononi mwa nani. Taarifa ya upotevu ingetosha, na isingemlenga mtu.

Kumwahidi mgeni rasmi kombe ambalo halijapatikana ndiko kulikozaa lile sugusugu la usiku. Nimewasikia watu wakimlaumu kijana. Alifanya walichokuwa wanakitaka wote, isipokuwa hakuna aliyemwambia kikomo. Hati yetu ilitaja kupotea, kuvunjika, nauli na malazi, ikanyamaza kuhusu kusafisha. Na ufunguo ulikuwa mmoja, kwa mjukuu wa miaka ya ishirini hivi ambaye asingeweza kumkatalia mtu mwenye kitambulisho cha kamati shingoni. Hati ya sasa inasema kombe lisisafishwe kwa kitu chochote zaidi ya kitambaa laini kikavu, na kabati lina kufuli mbili, moja ya familia na moja ya kamati.

Halafu kuna “kigoda 1”. Chama cha msingi kilifanya jambo jema kwa kukiorodhesha, maana vyama vingi visingekiandika kabisa. Lakini aliyeandika hakusoma vibao, na waliokuja baada yake walinakili orodha bila kwenda ghalani. Kitako chenye majina ya wakulima bora wa jimbo zima kilipita ukaguzi baada ya ukaguzi kama mahali pa kuwekea mizani.

Kibao cha tatu

Bado kuna suala moja mezani. Familia imeomba kibao kipya kichongwe jina la baba yao na kipigiliwe kwenye ile nafasi. Wajumbe wengine wanakubali, kwa kuwa kila kitu kinaelekea huko: kombe lilikuwa kwake, kibao kilitolewa kwa ajili ya kuchongwa, na majirani wanasema alishinda mara tatu. Wengine wanasema ushindi wake haukuwa wa mfululizo, kanuni haijulikani, na kuchonga jina ni sawa na kutoa hukumu ya umiliki kwa mlango wa nyuma.

Mimi nilishauri mambo hayo mawili yasichanganywe. Kushinda mara ya tatu na kumiliki kombe ni maswali tofauti, na kuna ushahidi wa kutosha wa la kwanza peke yake. Kibao kinaweza kuchongwa, lakini nyuma yake, upande unaogusa mbao, kiandikwe mwaka kilipotengenezwa na nani aliagiza, ili atakayeking'oa siku moja asidhani ni cha zamani. Familia imelikubali hilo. Kamati imeliahirisha hadi kikao kijacho, na safari hii halimo kwenye mengineyo, ni ajenda namba nne.